Mimi Ndiye Ninayemlaza Justa

Jumatatu, 3 Juni
Shule zimefungwa. Likizo! Mke wangu Sabina kaenda mwaloni, kule ufukweni wanakoshusha samaki, kuanika dagaa, na safari hii hakumbeba Justa mgongoni kama alivyomzoesha. Kaniachia mimi. Mtoto wa miezi saba atamshinda mwalimu wa Jiografia? Haiwezekani.
Kazi ya kwanza: usafi. Nyumba nzima inanuka dagaa! Nimefua mbeleko zote, mashuka, hata kofia ya mtoto, kwa sabuni ya unga yenye harufu ya maua. Nikarudia. Sasa tunanukia kama harusi. Najipongeza.

Jumanne, 4 Juni
Mchana Justa alitakiwa kulala. Hakulala. Nimemwimbia. Nimemtembeza mpaka getini na kurudi. Nimemsomea habari za Bonde la Ufa, somo linalolaza Kidato cha Pili chote. Kelele tu!
Akaja Luhende, jirani yetu, anayebeba magunia ya dagaa kwa pikipiki. Hana mke, hana mtoto. Alitaka kuazima bisibisi. Akanyoosha mikono, Justa akamwendea, akalaza uso kwenye lile koti lake chafu, akalala. Hata bisibisi sijaipata! Nimemwambia asante. Imeniuma kama jino bovu.
Jioni Sabina kacheka. Eti Luhende ana mkono wa watoto. Mkono! Mimi nina nini, mwiko? Kisha akaacha kucheka. Mtoto asipolala mchana anakonda, kwa hiyo nisipomweza mpaka Ijumaa, mama yake Sabina atakuja kutoka Sengerema kumlea likizo yote.
Mama mkwe! Likizo yote! Kwa desturi zetu siwezi kukaa na singlendi mbele yake, wala kula naye meza moja. Nitavaa shati ndani ya nyumba yangu mwenyewe na kulia chakula uani, na kuku.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwiga Luhende. Anatembea akiyumba, nimeyumba. Anapiga mluzi, nimepiga mluzi. Justa kanitazama kwa huruma, kisha akaanza kulia.
Nikamweka Justa kwenye mkeka, nikapanda juu ya ndoo kuchungulia kwake ukutani, nione anafanya nini cha ziada. Alikuwa anakula muhogo. Ndoo ikapasuka. Luhende akaja mbio, akamwokota mtoto kwanza, mtoto akalala. Mimi bado niko chini!
Hakuna maelezo mengine: jamaa ana dawa. Iko mfukoni mwa lile koti.

Alhamisi, 6 Juni
Luhende kaacha koti juu ya ukuta, kaenda kuoga. Nimeliazima. Sikuiba, nilikuwa na nia ya kurudisha. Mifukoni: kitana, njiti za meno, vichwa vya dagaa. Dawa hakuna! Nikasikia mlango wake unafunguliwa. Nikalivaa haraka haraka, nikambeba Justa, nikajificha jikoni. Akanilalia kifuani. Akalala! Usingizi mzito! Paka watatu wa mtaani wakaja kukaa miguuni petu, nadhani kwa heshima.
Machozi yamenitoka kidogo. Mwanangu, kifuani pangu. Kumbe ule wimbo wa juzi ulikuwa unafanya kazi polepole.
Na kwa kuwa mimi ni mstaarabu, koti nimelifua kabla ya kulirudisha. Sabuni ya maua, maji mawili.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Rebeka, mama mkwe wangu, kafika asubuhi kujionea mwenyewe. Nimempa shikamoo nikiwa na shati la mikono mirefu, jasho linanitiririka. Kaitikia marahaba, akauliza mjukuu analalaje. Nikamwambia atulie aone.
Nikaimba. Justa akalia mpaka mtaa ukatoka nje. Luhende naye akaja, koti linanukia maua, anauliza nani kamfulia amshukuru. Akampokea mtoto. Justa akazidisha! Kwake pia! Sijawahi kufurahi hivi mwanangu akilia. Nimempa Luhende pole nyingi sana.
Furaha haikudumu. Mama akafungua furushi la dagaa alilotuletea, akakung'uta kitenge kilichofungia, akambeba Justa mgongoni kwa hichohicho. Kimya. Kalala. Akasema mtoto huyu amezoea kulala mchana mgongoni kwa mama yake, katikati ya dagaa. Kwake harufu hiyo ndiyo mama. Sasa nani kaifua nyumba nzima namna hii?
Sabina kaniangalia. Luhende kanusa koti lake, kisha naye akaniangalia. Nimesema ni upepo wa ziwani.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe anabaki. Nimekula uani. Kuku wamenizoea.
Habari ya harufu siikubali. Mtoto wa mwalimu apende uvundo? Jana Justa alilala kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamchosha kwa kuimba. Mama kavuna tu nilipolima. Na sifa zote anachukua yeye! Sabina anamwita mkombozi. Mimi naosheshwa vyombo tu, yaani, naviosha.
Inaniuma. Mimi ndiye baba.
Mchana huu mama kaenda dukani, kitenge kakiacha kwenye kiti. Kinanuka hatari. Kikinukia vizuri atanishukuru, na Justa atajua nani hasa anamjali.
Kipo kwenye beseni. Nimemwaga pakiti nzima.