Mkutano wa Majerikani Mia Moja Sitini na Mawili

Umma wote wa Kyebando, wenye maji na wasio nayo, unatangaziwa kwamba kuanzia mwezi wa saba bonde la chemchemi litaongozwa na jamii yake yenyewe.

Ndivyo lilivyosema bango la bluu ambalo Idara ya Mabonde Shirikishi ilikuja kulisimika juu ya chemchemi yetu Jumatatu asubuhi, bila kumuuliza mtu.

Tulifurahi sana. Kwa miaka ishirini na mitatu jamii ilikuwa imeliongoza bonde hilo kienyeji tu, bila bango. Kila Jumamosi watu walizibua mfereji, wakapanda mafunjo pale udongo unapomomonyoka, wakamfukuza kila aliyeleta pikipiki yake kuiosha kijitoni. Maji yalitoka safi, lakini hapakuwa na ripoti hata moja. Tukikumbuka tunaona haya.

Chini ya bango kulikuwa na maandishi madogo. Bibi yangu, Hajati Kaltumi, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, alivaa miwani akanisomea kwa sauti, kwa kuwa mimi, Nusura, nilikuwa likizo na tayari nimeteuliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Maandishi yalieleza kwamba jamii haiwezi kuongoza bonde kabla ya kuthibitisha kwamba ipo. Uthibitisho ungefanyika kesho yake, Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya wahudhuriaji wasiopungua mia moja na hamsini. Wakipungua, bonde litahesabiwa kuwa halina jamii, na litakabidhiwa kwa mbia wa maendeleo. Huyo mbia alikuwa ameshachora ramani. Kwenye ramani, chemchemi yote iliingia ndani ya bomba, na bomba liliishia kwenye uwanja wa kuoshea magari. Sisi tulichorwa nje ya ua.

"Jumanne saa nne," alisema bibi. "Saa hiyo Kyebando kuna nani? Kuku."

"Na kuku wenyewe wana shughuli," alisema Ochola, fundi wa mageti aliyetoka Kisumu miaka mingi iliyopita na asiyekosa Jumamosi hata moja. "Hajati, watu watakuwa Nakawa sokoni. Mimi mwenyewe nina geti la mteja. Labda nichomoke nusu saa."

"Watu mia moja na hamsini nitawatoa wapi?"

"Si waweke majerikani?" alisema Ochola.

Hapa inabidi nifafanue kwa manufaa ya wasomaji wanaokaa kwenye nyumba zenye mabomba. Kwetu mtu hasimami kwenye foleni ya maji. Anaweka jerikani lake, anakwenda zake kuishi, anarudi zamu ikifika. Jerikani likiwa kwenye mstari, mwenyewe yupo. Hakuna anayelisogeza wala anayelipita. Na kila moja linajulikana: la Rukiah limezibwa kwa gunzi la muhindi, la Anselme limefungwa kipande cha shati, la Dolphine msusi limepakwa rangi ya kucha.

Habari ilizunguka mtaa mzima kabla ya magharibi. Jumanne asubuhi, watu walipopita kwenda makazini, kila mmoja aliliweka jerikani lake mbele ya bango. Kufikia saa nne yalikuwa mia moja sitini na mawili, ya manjano, yamepangwa safu kwa safu. Nimesoma shule ya bweni miaka mitano na sijawahi kuona paredi iliyotulia vile.

Kamishna Msaidizi Ongom wa Idara alifika saa tano na dakika arobaini, katika gari jeupe, na kishikwambi mkononi.

"Jamii iko wapi?" aliuliza.

"Ndiyo hii," alisema bibi.

"Nyabo, mama yangu, hii ni majerikani."

"Bwana mkubwa, jerikani likiwa kwenye mstari, mwenyewe yupo. Huku hilo halina ubishi. Hebu sogeza moja uone."

"La tatu usiguse," Ochola alimshauri, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. "Ni la Dolphine. Atahisi huko huko aliko."

Kamishna Msaidizi alitazama saa. Alikuwa na jamii nyingine mbili za kuzitafuta kabla ya chakula cha mchana. Alizunguka safu ya kwanza, mikono nyuma, kama mkaguzi wa gwaride.

"Wamepanga mstari mzuri," alisema hatimaye. "Ile jamii ya jana ilikuwa na kelele mingi sana. Hii ina nidhamu."

Akahesabu. Akapiga picha kutoka mbali kidogo, jua likiwa usoni mwa kamera. Akaituma Nakasero makao makuu, akiandika: *Jamii imepatikana. 162.* Jibu lilikuja mara moja: *Hongera. Mkurugenzi amefurahi.* Alituonyesha jibu hilo mara mbili.

Kisha akasoma kanuni. Mchakato wote unaongozwa na jamii. Idara ni mtazamaji tu. Mtazamaji hana kura, hana pingamizi, hana maoni. Mwenyekiti naye hapigi kura. Azimio linapita iwapo hakuna mhudhuriaji aliyelipinga.

"Azimio la kwanza," alisema. "Jamii ipo. Kuna anayepinga?"

Majerikani yalitafakari.

"Limepita. La pili: jamii inashukuru Idara. Kuna anayepinga? Limepita. La tatu: jamii inamkaribisha mbia wa maendeleo na inampa chemchemi aoshee magari."

Bibi aliruka kutoka kitini. "Napinga!"

"Nyabo, wewe ni mwenyekiti. Mwenyekiti hana kura. Iko kwa kanuni."

"Basi napinga mimi!" alisema Ochola.

"Wewe jerikani yako iko wapi?"

"Lile pale. La ishirini na moja."

"Basi wewe ulishahesabiwa pale. Unataka kuhudhuria mara mbili?" Kamishna Msaidizi aliligeukia jerikani la ishirini na moja, akalipa muda wa kutosha. "Limenyamaza."

Ochola alilitazama jerikani lake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu wa tumbo moja.

"Azimio limepita," alisema Kamishna Msaidizi, "kwa kauli moja. Jamii chache sana zina umoja wa namna hii."

Bibi alikaa polepole. Nyuma yake chemchemi iliendelea kutiririka bila kujua kwamba imeshahamishwa. Nilimwona akiutazama mfereji, ule ambao mikono yake imeuzibua tangu kabla sijazaliwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsikia akisema neno.

Niliinua kalamu.

"Mheshimiwa, tumebakiza ajenda moja. Mengineyo."

"Hiyo si muhimu."

"Muhtasari usio na Mengineyo hauna saini. Hata klabu ya midahalo ya shule yetu inajua." Hilo lilikuwa kweli, ingawa klabu ilikuwa imenisimamisha kwa kupitisha hoja kwamba mwalimu wa zamu ni fanicha.

"Haraka, basi."

"Azimio la nne: azimio la tatu limefutwa. Kuna mhudhuriaji anayepinga?"

Upepo ulipita kwenye mafunjo. Gunzi la Rukiah halikutikisika.

"Limepita!" alisema bibi, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi na marafiki zake wote.

"Ngoja! Mimi napinga!"

"Mtazamaji," nilimkumbusha kwa unyenyekevu, "hana pingamizi."

"Basi natoa maoni!"

"Wala maoni, mzee," alisema Ochola. "Iko kwa kanuni."

"Azimio la tano," niliendelea. "Ili Idara ijifunze namna jamii inavyoongoza bonde, maofisa wake wote watafika hapa kila Jumamosi saa moja asubuhi kuzibua mfereji, wakiongozwa na Kamishna Msaidizi Ongom. Kuna anayepinga?"

Wahudhuriaji mia moja sitini na wawili walilikubali bila mjadala.

"Lakini hii si watu!" alipiga kelele Kamishna Msaidizi. "Hii ni majerikani!"

Tulishtuka. Bibi aliweka mkono kifuani.

"Majerikani? Nusura, andika. Andika kwamba mheshimiwa amegundua ni majerikani. Halafu tupigie Nakasero tuwaombe radhi, ile picha aliyotuma haikuwa ya watu."

"Namba ya Mkurugenzi iko hapa kwenye bango," nilisema.

Kamishna Msaidizi aliitazama simu yake. Akatazama bango. Akaomba kalamu, na nikampa yangu, kwa sababu nimelelewa vizuri. Alitia saini kurasa zote tatu za muhtasari.

Tulitegemea kwamba Nakasero wangelizika azimio la tano kimyakimya. Kumbe Mkurugenzi alilisoma na kulipenda mno. Aliandika waraka kwamba hajawahi kupokea wazo jipya kama hilo kutoka kwa ofisa wake, na kwamba Kamishna Msaidizi Ongom awe mfano kwa taifa, kila Jumamosi, mpaka atakapoarifiwa vinginevyo. Mbia wa maendeleo aliposikia kwamba maofisa wa Idara watakuwa wakishinda pale kila wiki, alikunja ramani yake akaenda kutafuta bonde lisilo na wageni.

Jumamosi saa moja maofisa waliteremka kumi na mmoja, wakiwa na buti mpya za mpira, nyingine bado na karatasi ya bei. Safari hii jamii ilihudhuria yenyewe. Watu walijaa ukingoni kote, na Dolphine alikuwa amebeba kiti chake kutoka saluni.

"Hapo chini ya jiwe, baba!" alielekeza Rukiah. "Ingiza mkono, usiogope!"

"Huyu wa Nakasero anashika koleo kama kijiko," alisema Ochola. "Mwonyesheni."

Kufikia saa tatu mfereji ulikuwa wazi. Kamishna Msaidizi alisimama kwenye tope lililofika magotini, shati limemganda mgongoni, akainua macho kwa bibi.

"Hajati, tumemaliza upande hii. Sasa tunaweza kwenda?"

Bibi alipuliza kikombe chake, akanywa kidogo, akakitua.

"Subiri, mwanangu. Jamii inakunywa chai."