Dawa ya Presha Inayonyonywa na Jina Langu

Mbooni,
14 Agosti 1986

Kwa Bwana Nzomo,
Mkuu wa Zahanati.

Daktari Nzomo,

Salamu kwako na kwa wote wanaokusaidia kutudunga sindano. Ukiniuliza hali, mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa mwaka jana, na jambo hilo nitalirudia mwishoni nafasi ikiniruhusu.

Mimi ni Mwalimu Kivuva, niliyestaafu baada ya kufundisha, hasa hesabu, miaka thelathini na mmoja. Nakuandikia juu ya Mumbua, mke wa mwanangu Musembi, yule afanyaye kazi Makindu na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mumbua ana presha. Ana pia mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu ambaye bado ananyonya, na mtoto huyo, kwa desturi yetu, amepewa jina langu. Yeye ni Kivuva. Mke wangu Kaluki humwita "mume wangu", na mama yake humsalimu kwa adabu ile ile anayonipa mimi. Kwa hiyo lolote liingialo kinywani mwake, kwa namna fulani, limeingia kinywani mwangu. Tafadhali lishike hilo, maana hesabu yote inaanzia hapo.

Unaijua pia nthoni, ile heshima inayomkataza mzee kutaja maungo ya mke wa mwanawe au hata kukaa naye karibu. Kwa sababu hiyo, mahali maziwa yanapotoka nitapaita ghala.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwanzoni mwa Juni, Sista Mumina alimpa Mumbua kopo kubwa la vidonge, ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni, na aendelee kunyonyesha. Mimi sikuitwa. Sista ni binti mwenye adabu, ametoka mbali, na alipofika hapa tulimpokea kwa kikapu cha machungwa. Lakini nilipomwendea ili nimweleze kosa lake, alinijibu mbele ya foleni nzima: "Mzee, dawa hii nimeichagua kwa sababu ananyonyesha. Inayofika kwa maziwa ni kidogo sana, na mtoto mkubwa hivyo anakula ugali kama wewe. Hatari ni mama akiiacha." Kina mama wakacheka ndani ya leso zao. Sikulipenda neno ugali.

2. Tufanye hesabu. Mumbua anameza vidonge viwili. Kidogo kinakwenda kwa mtoto. Basi Mumbua hapati viwili, anapata viwili kasoro kidogo. Ama mama anapunjwa, ama mtoto anatibiwa bila kadi. Hakuna jibu la tatu. Hata pakiti ya maziwa ya shule imeandikwa ubavuni kilichomo. Ghala halina maandishi.

3. Jumapili ya mwisho ya Juni mtoto alilala kanisani, kuanzia somo la kwanza hadi sadaka, yeye ambaye kwa kawaida humshinda mhubiri kwa sauti. Mama mmoja akanong'ona kwa furaha, "Kivuva amelala." Kanisa zima likageuka kulitazama benchi la wazee, nilipokuwa nimefumba macho kwa ajili ya kutafakari.

4. Habari ilifika sokoni. Kilonzo, fundi wa baiskeli, niliyemfundisha kugawanya na hakuelewa, aliniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Mwalimu, nasikia bado unanyonya, na sasa wanakutilia dawa." Sitaeleza zaidi. Nilirudi nyumbani bila spoku nilizokwenda kununua.

5. Hapo ndipo nilipolazimika kuchukua hatua. Nilimtuma Kaluki alilete kopo, nikalitia katika sanduku langu la bati, nikafunga kwa kufuli. Kaluki alisimama mlangoni akaniambia, "Wewe, mrudishie mtoto wa watu dawa yake. Nyumba ikianguka, hilo ghala lako litasimama wapi?" Nilimsamehe, kwa kuwa hakusoma sana.

Kisha niliita kikao cha ukoo. Tulikaa wazee watano, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kunyonyesha, tukajadili unyonyeshaji kwa saa tatu na birika mbili za chai. Tuliazimia kwa kauli moja kwamba ghala lipakwe shubiri, mtoto aache kunyonya, kisha mama arudishiwe dawa. Shida ilitokea wakati wa kumchagua wa kumpelekea Mumbua habari. Sote watano ni baba wakwe zake, na nthoni haimruhusu hata mmoja wetu kulitaja jambo hilo mbele yake. Kaluki alipoombwa alisema ana maharagwe jikoni. Kwa hiyo azimio limo daftarini hadi leo, kwa mwandiko mzuri. Mtoto ananyonya, na dawa iko chini ya ulinzi.

6. Hili ndilo kubwa. Dawa yenu haifanyi kazi. Kadi ya Mumbua inaonyesha kwamba mwanzoni mwa Julai presha ilikuwa imeshuka hadi 140 kwa 90. Wiki iliyopita ilikuwa 190 kwa 120. Juzi alianguka kwenye mteremko ulio chini ya kanisa, akiwa na mtungi wa maji. Kaluki alimkuta ameketi njiani, amekishika kichwa kwa mikono miwili, na mtoto amesimama pembeni akimvuta kitambaa. Hakuumia sana, alisema. Husema hivyo daima. Sasa nakuuliza kama mtu wa elimu: ni dawa gani hii, inayolindwa vizuri namna hii, kwa kufuli, na bado inashindwa kushusha presha?

Naomba basi Mumbua apewe dawa nyingine, iliyofundishwa kukaa mwilini mwa mwenyewe bila kutangatanga. Naomba pia Sista Mumina aandike barua ya kuwataka radhi watu wote waitwao Kivuva.

Nisalimie mlinzi wa lango, mama wa mizani ya watoto, na hata Sista, ambaye simchukii. Nangoja jibu kwa subira ya mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja.

Mwalimu Kivuva

Tanbihi. Nisije nikalaumiwa kwamba nalalamika bila uchunguzi. Dawa hii niliijaribu mwenyewe. Kisichomdhuru Kivuva mkubwa, niliwaza, hakiwezi kumdhuru Kivuva mdogo. Nimemeza kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa wiki tano, bila kuruka hata siku moja. Maumivu ya kichwa niliyokuwa nayo tangu nistaafu yamekwisha. Naweza kuthibitisha kwamba dawa ni nzuri, na kwamba Sista alisema kweli. Ila kopo limekwisha.

Anayeleta barua hii ni Mumbua mwenyewe, na mtoto mgongoni. Njia ni ya mlima, mpe kiti kwanza. Bahasha nimeifunga kwa ugali. Ukiikuta imefunguliwa, ujue amekwisha kuisoma, kwani kusoma nilimfundisha mimi, darasa la tatu, na alikuwa wa kwanza. Ikiwa hivyo, mpe kopo lake jipya mkononi mwake, na ufunguo wa sanduku langu, ambao nimeutia humu. Mimi nitakuja kupimwa, na ukiona nastahili kopo langu, mpe yeye alitunze. Nitakuwa nikiomba kidonge kwake kila asubuhi, kupitia kwa Kaluki.