Gitaa la Nsimba Liende Kulia

Jumatatu, 9 Juni
Wimbo umerekodiwa! Chumbani kwangu, hapa Matete, Kinshasa, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia makelele ya mtaa. Mimi gitaa la ridhimu, Nsimba gitaa la solo. Akimaliza kupiga, anajibusu vidole. Mbele za watu! Jumamosi Mama Véro atauweka wimbo kwenye spika za baa yake, kisha atachagua kati yetu wawili nani aongoze bendi yake mpya. Amesema hataki maneno, anataka kusikia magitaa. Na kazi ya kuchanganya sauti nimepewa nani? Mimi!

Jumanne, 10 Juni
Nimepita kwa Mama Véro kula liboke, samaki wake wa kuokwa ndani ya majani. Kumbe spika yake ya kulia imekufa! Iliingia maji ya mvua, sasa anaanikia vitambaa juu yake. Inalia ya kushoto tu. Nusura nipaliwe na mwiba kwa furaha. Gitaa la Nsimba nalisukuma lote kulia. Langu lote kushoto. Mwimbaji, besi na ngoma wakae katikati. Jumamosi Nsimba atabusu vidole ambavyo hakuna aliyevisikia.

Jumatano, 11 Juni
Kompyuta mbishi hii! Namsukuma Nsimba mpaka asikike sikio la kulia, skrini inaandika kushoto. Nikifuata skrini, anahamia sikio lingine. Imezeeka, maskini. Nimefuata masikio. Nani mwanamuziki hapa? Halafu nimempandisha sauti kidogo, asije akanung'unika. Haitamsaidia kitu.

Alhamisi, 12 Juni
Nsimba amekuja kusikiliza. Nimemvika hedifoni. Akacheka kama mtoto, akasema magitaa yetu ni kama ndugu wawili waliokaa pande mbili za meza moja. Akanikumbatia. Alikuwa ameniletea kwanga, mkate wa muhogo. Nimeona aibu muda wote niliokuwa naila. Ilipoisha, na aibu ikaisha.

Jumamosi, 14 Juni
Baa imefurika. Nimevaa suruali ya njano ya ushindi. Mama Véro amebonyeza, nami nikafumba macho ili nijisikie vizuri.

Solo! Solo tupu! Kali, tamu, imejaa baa nzima. Na mimi? Nimejitafuta nyuma ya ngoma. Nimejitafuta chini ya besi. Simo! Watu wamevamia uwanja kucheza, mama mmoja karusha kiatu. Mama Véro akanigeukia. "We Gauthier, siku ya kurekodi ulikuwa unaumwa?"

Kabla sijafungua mdomo, Nsimba kapanda juu ya kiti, machozi yanamtoka. "Mama, huyu kajifuta mwenyewe ili mimi nisikike! Mmewahi kuona ndugu wa namna hii?"

Baa nzima ikanipigia makofi. Ningefanyaje? Niliinamisha kichwa kama mtakatifu. Nsimba kapewa bendi. Papo hapo kaomba niwe msaidizi wake, na Mama Véro kakubali, eti moyo kama wangu hauonekani siku hizi Kinshasa.

Nyumbani, mdogo wangu Plamedi kaniuliza kwa nini huwa navaa hedifoni kinyume, ya kushoto sikio la kulia. Nimemwambia ndivyo wanavyovaa wataalamu. Kisha nimeingia chumbani nikang'ata godoro.

Jumapili, 15 Juni
Nsimba kaja asubuhi na wimbo mpya. Anataka niuchanganye mimi tena, peke yangu, hata kuusikiliza kwanza hataki. Ananiamini! Mjinga huyu.

Safari hii sigusi kulia wala kushoto. Namzamisha kwenye mwangwi, awe mbali, mbali kabisa, asikike kama mtu anayepigia gitaa chooni kwake Brazzaville, ng'ambo ya mto. Mpango hauna tundu hata moja.

Plamedi kachungulia mlangoni, kasema Mama Véro hupenda mwangwi kuliko kitu chochote duniani, mpaka redio yake jikoni kaiweka ndani ya sufuria.

Nimemwambia afunge mlango. Naongeza mwangwi.