Malalamiko Kuhusu Kiti cha Nyuma cha Gari la Inspekta Nikodemu

Rusimbi, Kigoma
Jumatatu

Ndugu Mtunga Mchezo wa "Kiti cha Nyuma",

Salamu utazikuta mwisho, kwa sababu kwanza nina hasira na sitaki vichanganyike. Mimi ni Bibi Elida, mjane, miaka sabini na moja, darasa la nne nililimaliza na mwandiko wangu unasomeka. Mjukuu wangu Wema alitaka kuniandikia barua hii kwenye simu nikamkatalia, maana angeipunguza makali.

Mchezo wako tunauangalia kila Ijumaa, mimi na Wema, tangu ulipoanza. Nasema hivi usije ukafikiri nimesimuliwa. Gari la Inspekta Nikodemu nalijua kwa ndani kuliko ninavyokijua chumba cha kaka yangu. Nakijua kile kioo kidogo cha juu. Naijua ile mvua isiyokatika, sijui mnaitoa wapi. Nakijua na hicho kiti cha nyuma ambacho mtu akikikalia, hata awe mwizi sugu, anasema yote. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

1. Ndani ya gari lako hakuna salamu. Sehemu ya tisa mmemwingiza mzee mwenye mvi kichwa kizima, umri wa kumzaa Inspekta, na Inspekta hakumwambia shikamoo. Alimshika kichwa akamsukuma ndani kama gunia la muhogo. Sisi Waha tunasalimiana kwa kupiga makofi, tunaulizana ya nyumbani, ya shamba na ya ng'ombe, hata kwa mtu ambaye hajawahi kufuga ng'ombe. Kwa mwendo wetu, mtuhumiwa wenu angefika kituoni hatujamaliza hata habari za watoto. Mimi nikaamini kwamba ndiyo sheria, kwamba kwenye gari la polisi salamu zinabaki nje. Hilo ndilo lililoanza kuniponza.

2. Inspekta wako hana kwao. Nimehesabu sehemu ishirini na sita. Analala garini, ananyoa ndevu garini, mkewe akipiga simu analia, yeye anasema yuko kazini na kukata. Hata mlango wa nyumba yake sijauona. Nikiwa nimekunja miguu kwenye mkeka wangu nikajiambia, kumbe polisi ndio walivyo.

Basi akaja Mzee Pastory, mshenga, kwa heshima zake zote, na barua ya posa ya Wema. Wema hakuwepo. Nikaifungua. Mposaji anaitwa Leodgar, kazi yake polisi. Sikuendelea kusoma. Nilimwona Wema wangu na simu sikioni analia, na mumewe yuko garini kwenye mvua. Nikamwambia Mzee Pastory amechelewa, Wema ameshaposwa na kijana wa reli, Tabora. Huyo kijana wa reli hayupo. Nilimtunga palepale kama unavyotunga wewe, na nilimtunga vizuri, hata mama yake nilimpa ugonjwa wa miguu. Barua nikaitia chini ya godoro langu.

Wema sikumwambia kitu. Leodgar aliposikia mchumba kaposwa, akaacha kupiga simu. Wema alipoona simu hailii, naye hakupiga, kwa sababu ana kiburi, na hicho kiburi hakukitoa mbali. Wiki tatu nikala chakula kilichopikwa na mtu asiyeimba. Majirani wakiniuliza mtoto ana nini, nasema malaria.

3. Kioo na ukimya. Siku moja, mwishoni mwa wiki hizo tatu, nilikuwa natoka Simbo na dumu la mawese, jua la saa nane, nimekaa kando ya barabara nangoja usafiri. Ikaja difenda ya polisi, ikanipita, ikasimama, ikarudi kinyumenyume. Uliza mtu mwenye barua ya mwenzake chini ya godoro anajisikiaje gari la polisi likimrudia hivyo. Dereva, kijana mrefu, akashuka, akasema shikamoo bibi, akabeba dumu langu, akanifungulia mlango wa nyuma. Mbele kwa abiria alikaa sajini mmoja, Hamdani jina lake. Shikamoo sikuitikia. Nilijua sheria za humo. Nikainamisha kichwa mapema nisije nikasukumwa, ingawa hakuna aliyekuwa na nia hiyo.

Na hapa nakushitaki kwa uongo pia. Difenda ya kweli si kama gari lako. Nusu ya kiti nilikalia mimi, nusu ilikaliwa na tairi, kamba na mkungu wa ndizi. Redio ya upepo ilikuwa inauliza nani ameondoka na ufunguo wa stoo. Lakini kioo kilikuwepo. Dereva ananitazama kwenye kioo, anatazama barabara, ananitazama tena, na hasemi neno. Nimekwambia nimeangalia sehemu ishirini na sita. Dereva akinyamaza namna hiyo maana yake anajua yote, anangoja useme mwenyewe upunguziwe adhabu.

Nikaanza na madogo. Nikasema kuku wa jirani yangu hakuliwa na kicheche, nilimla mimi, na jioni ile nilizunguka na mwenyewe kumtafuta. Dereva akatazama kioo tu. Nikasema kliniki huwa najiongezea miaka sita nitangulie foleni. Sajini akakohoa. Nikaona bado sijafika wanapopataka. Tulipoanza kuliona ziwa, nikajua mji umekaribia na muda wangu umekwisha, nikasema Wema hajaposwa na mtu yeyote wa Tabora, nimemdanganya mshenga, barua ya Leodgar ninayo, waandike hivyohivyo.

Gari lako huwa linasimama taratibu na kinanda kinalia. Hili lilisimama mpaka mkungu wa ndizi ukaniangukia miguuni. Dereva akazima injini, akageuka mwili mzima.

"Bibi," akasema, "Leodgar ni mimi."

Nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Yeye alinijua kwa picha alizoonyeshwa na Wema, akasimama ili nisiungue jua na dumu langu, basi. Na ule ukimya haukuwa ujanja wa polisi. Kijana alikuwa ananiogopa. Alinisalimia sikuitikia, akajua namchukia, akawa anachungulia kioo kuona kama uso wangu umelegea. Sajini Hamdani alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nikatafuta neno la maana la kusema, nikapata moja tu. Nikasema marahaba. Ilikuwa imechelewa tangu Simbo.

4. Humwonyeshi mtu akishuka. Hili ndilo kubwa kuliko yote na ndilo lililonikalisha niandike. Kwako mtu akishasema kweli, muziki unapigwa, majina yanapita, sisi tunazima taa. Hujawahi kutuonyesha anavyoingia nyumbani kwake. Mimi nilishuka mlangoni pangu mchana kweupe, majirani wote shingo nje, na Wema amekaa kibarazani anachambua mchele. Nilimwomba Leodgar aondoke, maana hili lilikuwa langu. Nikaenda kuitoa barua, nikampa. Aliisoma mara mbili. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Bibi," akasema, "wiki tatu umeilalia hii, na kila asubuhi unaniuliza kwa nini sili."

Akaingia ndani. Siku mbili alinipa shikamoo na chakula, zaidi ya hapo hakuna. Ya tatu nikavaa kitenge changu cha kanisani nikaenda kwa Mzee Pastory kuomba radhi. Alinikalisha kwenye benchi saa nzima anajifanya anatengeneza baiskeli, halafu akaniuliza habari za miguu ya mama wa kijana wa reli. Nikamjibu kwamba amefariki, na mwanawe pia. Akapokea radhi yangu, nami nikapokea posa. Wema ameanza kuimba tena jikoni. Mimi nikiingia anapunguza sauti. Sijamlaumu.

5. Kwa hiyo nadai gari hilo liondoke kwenye mchezo. Polisi watembee kwa miguu, au wapande baiskeli, ambako aliyebebwa nyuma anaona mgongo tu. Mkishindwa hilo, Inspekta aseme shikamoo, na Ijumaa moja arudi kwake ale ugali na mkewe tumwone. Na gari likiondolewa msimuuzie mtu. Likatwe vipande, viti vichomwe, kioo kizikwe. Mwanamke wa umri wangu hawezi kukaa nchi moja na kiti cha namna hiyo.

Sasa salamu nilizokuahidi. Wasalimie wanaoshika kamera, mama anayewapikia, na yule mtuhumiwa wa sehemu ya kumi na mbili aliyeuza ng'ombe wa kaka yake. Mwambie hapa kwetu tulilia naye. Mke wa Inspekta msalimie peke yake. Mwambie simu aache, amfuate hukohuko garini.

Ni mimi mkosaji, ambaye hata hivyo nalalamika,
Bibi Elida

Nyongeza: Gari msilikate kwanza. Mama yake Leodgar anakuja tena Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Kasulu. Mara ya kwanza nilimkaangia migebuka, samaki wa ziwa letu, nikamuuliza kwa upole kwa nini mke wa mwanawe mkubwa alirudi kwao baada ya miezi minne, naye akasifu migebuka. Nimemwomba Leodgar difenda, amesema gari la kazi halifanyi mambo hayo. Naomba basi mtuazime lenu kwa mchana mmoja, kutoka stendi ya mabasi hadi kwangu, lipite njia ndefu. Yeye akae nyuma. Mimi nitakaa mbele, kioo mkigeuze upande wangu, na dereva mwambieni asiwashe redio.