Nilivyoushusha Mstari wa Bwawa

Jumatatu, 2 Septemba
Nimelala chali ndani ya boti yangu, katikati ya bwawa. Mawingu juu, mawingu chini. Sijui anga ni lipi. Kugeuza shingo, lo! Maji yameshuka tena. Yamebakiza shubiri moja kufika mstari mwekundu wa nguzo ya kipimo. Yakiufikia, mtunza bwawa anapiga marufuku boti zote. Na Jumamosi mjukuu wangu anaolewa! Nimemwahidi kumvusha kwa mkono wangu, shela likielea nyuma yake. Wifi yangu kasema nitamvusha kwa mkokoteni. Mdomo huo!

Jumanne, 3 Septemba
Darasa sikulikanyaga, lakini akili sikuazima. Alfajiri, ukungu bado umelala majini, nimepiga kasia hadi kwenye nguzo. Mstari nimeufuta kwa rangi nyeupe, nikachora mwingine chini yake, mkono mzima. Umenyooka kuliko wa kwanza. Nani kama mimi?

Alhamisi, 5 Septemba
Mtunza bwawa kapita. Kaniambia shikamoo bibi, kachungulia nguzo, kasema mwaka huu maji tele. Nimejikausha. Mchana nimesinzia, nikaota maharusi wanaelea na kasia linajipiga lenyewe.

Ijumaa, 6 Septemba
Balaa! Boti imekaa topeni kama kuku anayeatamia. Maji yako kuleee! Nimemkimbilia mtunza bwawa, viatu mkononi. Kashangaa. Kasema maji yakifika mstari ndipo anapunguza koki ya mjini. Hayajafika, basi kawafungulia yote, wafue, waoge, wamwagilie. Yaani mji mzima umekunywa harusi yetu, na aliyewakaribisha ni mimi! Nikakiri. Kacheka hadi kofia ikadondoka. Kisha kakasirika.

Jumamosi, 7 Septemba
Wifi kaja na mkokoteni kweli, kautandikia na mto! Nilitaka kumng'ata. Mjukuu kaukataa. Kavua viatu, kakunja gauni, kaingia botini palepale topeni, kaniamuru bibi piga kasia. Nikapiga hewa. Kaniegemea begani, kafumba macho, kasema anasikia tunakwenda. Kweli kabisa, na mimi nilisikia.

Jumapili, 8 Septemba
Mtunza bwawa kaurudisha mstari, mimi nimemshikia kopo la rangi. Kasema nisijilaumu sana, jua nalo hunywa unene wa kidole kila siku. Kidole kizima! Kumbe mwizi ni jua! Bwawa linataka kufunikwa tu. Wifi nimeshamwomba mashuka yake yote. Sijamwambia ya nini.