Kitufe cha Nimezungumza Naye

Jumatatu, 6 Julai

Baridi. Vumbi. Foleni ya malori ya mpakani imefika hadi mlangoni kwangu. Lakini siku kubwa! Wakulima wa kahawa wa Igamba wameukubali mfumo wangu. Miaka kumi na moja nimeitumikia taaluma ya teknolojia yenye utu na mustakabali wa kazi, na leo nimepata wa kumhudumia. Nimekifuta vumbi kibao changu: Taasisi ya Teknolojia Yenye Utu, Tunduma. Mkurugenzi: Osward Mbonile. Katibu na mfagiaji pia ni mimi, ila kibao hakikutosha.

Danford, fundi simu wa chumba cha pili, kauliza mfumo unafanya nini. Nikamweleza taratibu. Simu inafungwa getini, inatambua sura za wafanyakazi wakiingia. Asiyeonekana siku tatu mfululizo anaondolewa kwa ujumbe wa simu, anaitwa mwingine kutoka orodha ya wanaosubiri kazi. Akasema basi huyo ni mnyapara asiyekula. Wivu mtupu! Haijui Kanuni ya Kwanza, niliyoitunga mwenyewe: mashine haimwondoi mtu kazini mpaka binadamu azungumze naye. Binadamu huyo ni mimi. Nikishazungumza na mhusika, nabonyeza kitufe kilichoandikwa NIMEZUNGUMZA NAYE. Bila kitufe, haguswi mtu.

Jumapili ya tarehe 19 nitaitolea mada kanuni hiyo kwenye kongamano la vijana hapa mjini. Nimeshaandika kichwa cha habari: Binadamu Kwanza.

Jumanne, 7 Julai

Saba Saba. Wengine wamepumzika, kahawa haipumziki. Nimeifunga simu getini, kituo cha kumenyea kahawa, Igamba. Kamba nimenunua mwenyewe.

Wanawake ni ishirini na nne. Wanageuza na kuchambua kahawa iliyoanikwa vichanjani, asubuhi mpaka jioni. Mmoja wao ni dada yangu Priska, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilitegemea shangwe. Badala yake dada akauliza mbona sikuwauliza wao kwanza. Nikajibu nilizungumza na mwenyekiti, Mzee Eliakim. Akasema Mzee Eliakim hajawahi kugeuza kahawa hata siku moja. Wenzake wakacheka. Si jambo la kumwambia Mkurugenzi mbele za watu.

Mama Atupele, mkubwa kuliko wote, akaja kusajiliwa sura. Kajipanga kitenge vizuri kama anapigwa picha ya ndoa. Kisha akaniuliza: nikifa, itajua? Vicheko tena. Nikamhakikishia itajua kila kitu.

Nimeandika pembeni: elimu kwa watumiaji inahitajika.

Jumatano, 8 Julai

Simu yangu inapiga kelele tangu saa kumi na mbili. Aliyechelewa, taarifa. Aliyejifunika kitenge mpaka puani kwa baridi, taarifa: sura haitambuliki. Kila taarifa inataka nizungumze na mtu! Nimempigia mmoja wao, Rozi. Kaniuliza hali, kauliza Tunduma kuna mvua, kauliza nitaoa lini. Dakika ishirini. Kumbe muda wote huo yuko kazini, kichanja cha tatu.

Mtu ataandikaje kuhusu thamani ya binadamu katika kelele hizi?

Saa tisa nikapata wazo. Nimeuamuru mfumo ubonyeze kitufe wenyewe, kwa niaba yangu. Kwa muda tu, mpaka mada iishe. Kimya kikatawala! Nikaandika kurasa tatu mfululizo juu ya hatari ya kumweka binadamu kando.

Danford alikuwa anachungulia begani. Kasema kitufe hicho ni sawa na mdomo, huwezi kumwachia mwingine akusemee umesema. Nikamuuliza ni nani aliyemwomba maoni. Akarudi kwenye vioo vyake vilivyopasuka.

Alhamisi, 9 Julai

Dada kapiga asubuhi, analia. Mama Atupele amefariki alfajiri. Kifua. Juzi tu alikuwa anajipanga kitenge mbele yangu!

Wanawake wote wamehamia msibani. Maziko Jumamosi. Nimemwambia dada nitafika bila kukosa.

Nimekaa nikamkumbuka. Mwaka dada alipolazwa, Mama Atupele ndiye aliyenifulia sare za shule, na kunigombeza kwa wino. Nimelia kidogo. Halafu nikarudi kwenye mada. Swali lake la juzi nililiweka ukurasa wa kwanza kama kichekesho. Nimelihamishia mwisho, penye uzito zaidi.

Jumamosi, 11 Julai

Sitaki kuandika, lakini naandika.

Nilifika msibani saa nne. Nikapewa kiti cha mbele, jirani na mchungaji. Wanawake wa kituoni walikuwa wameketi mikekani kuzunguka jeneza. Atupele, binti wa marehemu, alishika simu ya mama yake, maana rambirambi nyingi ziliingia huko. Anasoma moja baada ya nyingine kwa sauti. Watu wanaitikia kwa kuguna. Nilijisikia vizuri. Nikafikiri: teknolojia na utu, pamoja!

Saa sita kamili simu zikalia. Si moja. Ndani ya mikoba, kwenye pindo za vitenge, vifuani, mkeka mzima ukalia kwa mpigo mmoja. Na ya marehemu pia. Atupele alidhani ni rambirambi nyingine. Akaisoma.

"Ndugu Mama Atupele. Hujaonekana kazini siku tatu. Tumezungumza nawe na tumeelewana kuwa nafasi yako apewe mwingine. Tunakutakia mafanikio huko uendako. Osward Mbonile, Mkurugenzi."

Mchungaji akafunga kitabu. Nilitamani ardhi ya Igamba inimeze, nayo leo ilikuwa imeshachimbwa! Nilitaka kusema ni mfumo, si mimi. Lakini jina lililosomwa ni langu. Hata cheo kilisomwa.

Dada akatoa simu yake, akasoma ya kwake polepole. Miaka kumi na nane vichanjani. Akaizima, akairudisha kwenye pindo. Hakunitazama. Tumezika, nimeshika koleo kama wanaume wengine, na hakuna aliyenipokea nilipochoka.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeitwa kituoni. Getini nimekuta gari, Noah ya abiria kutoka Ndalambo, ndani wanawake tisa, mmoja ana mtoto mgongoni. Mfumo umewaita kazini. Wamevaa nguo zao nzuri. Wakanishukuru! Nikapitiliza.

Mzee Eliakim akauliza kahawa ya siku tatu za msiba iko katika hali gani. Nikainamisha kichwa. Nikasema imeoza, kumbukumbu zinaonyesha hakuna mtu aliyeingia Alhamisi, Ijumaa wala Jumamosi. Akanishika mkono, tukaenda vichanjani.

Kavu. Safi. Imegeuzwa, imechambuliwa, imefunikwa turubai.

Dada ndiye aliyeeleza, na alimweleza mwenyekiti, si mimi. Kukiwa na msiba wanakwenda kwa zamu, wawili wawili. Wanageuza, wanafunika, wanarudi mkekani. Wanapita njia ya mtoni, nyuma ya kituo, ndiyo ya karibu. Wamefanya hivyo tangu yeye dada anaanza kazi. Mama Atupele mwenyewe ndiye aliyewapangia zamu miaka yote, na safari hii walijipanga kama alivyowafundisha, ili asilaumiwe kaburini. Mfumo wangu ulitazama geti siku tatu, na getini kweli hakupita mtu.

Ningempigia mmoja tu. Yeyote. Hata Rozi, dakika zake ishirini.

Mzee Eliakim kafungua kamba kwa mkono wake, kanipa simu. Kasema aliomba kitu cha kuhesabu watu, si cha kuwafukuza. Daftari la mahudhurio kakabidhiwa dada. Wale wa Ndalambo wamepewa uji na kazi hadi Ijumaa, wasirudi mikono mitupu. Wazo la dada hilo. Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea.

Nikiwa getini dada akaniita. Akasema sasa wamebaki ishirini na tatu, na Jumapili baada ya ibada watakuwa kwake wote. Akasema, "Njoo, mdogo wangu. Usije na karatasi. Njoo na mdomo wako tu." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaahidi. Kongamano ni siku hiyohiyo, lakini zamu yangu ni saa kumi. Nitawahi.

Alhamisi, 16 Julai

Sili. Nikila, sishibi. Naona vidole vya dada, vilivyopasuka kwa baridi ya vichanjani ili mimi nisome kompyuta Mbeya. Yeye aliishia darasa la saba. Katika maisha yake yote ameniomba jambo moja: niulize kwanza. Najuta. Naandika neno hili na bado halitoshi. Najuta!

Nimemweleza Danford yote, na nikamsubiri acheke. Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Kasema niende Jumapili, nikae chini mkekani, nimalize. Nikasema ndivyo nitakavyofanya. Akauliza, na kile kitufe? Nikasema nimeshakirudisha mikononi mwangu.

Nitakirudisha.

Jumapili, 19 Julai

Nimeamka mapema. Nimepiga pasi shati jeupe. Nimenunua sukari kilo mbili za kwenda nazo. Saa tatu niko stendi, nimeshapata siti ya dirishani, nauli nimelipa. Simu ikaita.

Waandaaji wa kongamano! Mzungumzaji mkuu kasema haji. Wananiomba nifungue mimi, saa saba mchana. Ukumbi mzima! Nikashuka. Nikapanda. Nikashuka tena. Nilimfikiria dada akitandika mikeka uani, na roho iliniuma kweli. Lakini nitakachosema pale ukumbini ni kwa ajili yake na wenzake. Naye ni mwelewa.

Hata hivyo nimejifunza! Zamani ningewanyamazia. Leo nimekaa kwenye benchi la stendi nikaandika kwa mkono wangu, kwa machozi, neno kwa neno:

"Ndugu yangu, mimi Osward nimekukosea. Nimetambua kuwa mtu ni wa kuzungumza naye uso kwa uso, si kwa mashine. Tumezungumza nawe na tumeelewana kuwa umenisamehe."

Ni bora kuliko kwenda. Ningekwenda ningebabaika, ningesahau mtu. Mfumo hausahau. Orodha iko vilevile tangu siku ya usajili, namba unatafuta wenyewe. Kitufe kikajibonyeza.

Mada imepokewa vizuri mno. Nilipofika mwisho, kwenye swali la Mama Atupele, ukumbi ulisimama. Danford alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alitoka kabla ya makofi. Wivu haujaisha.

Nimeshuka jukwaani nikakuta dada amepiga mara sita. Lazima ameguswa. Nitampigia nikitulia.

Nimefungua taarifa ya mfumo: ujumbe ishirini na nne umetumwa, ishirini na nne umepokelewa. Hakuna hata mmoja aliyeachwa.