Madoa Saba kwenye Sare Nyeupe

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimefanya jambo la mapenzi. Naliandika mapema, lisije likasahaulika. Mke wangu anastaafu Jumamosi baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, yote katika wodi ya wazazi. Atakabidhi funguo mbele ya daktari mkuu akiwa na sare yake nyeupe mpya. Aliishona mwenyewe mwaka jana, akaitundika kabatini kwa ajili ya siku hiyo. Nguo ikikaa sana hunuka kabati. Nikaamua kuifua kwa mashine yangu, kimya kimya, iwe zawadi.

Mashine niliinunua mnadani, nyumba fulani ya wageni ilipofunga milango. Mke wangu hajawahi kuigusa. Siku ya kwanza alisema inanguruma kama mtu anayeota vibaya, akaendelea kupeleka nguo kwa dobi, ng'ambo ya barabara. Miezi minne sasa naona mashuka yangu mwenyewe yakining'inia kwenye kamba ya mwanamume mwingine. Uchungu huo haujui asiye na mashine.

Sare imeingia saa nane mchana. Ikafuliwa, ikasuuzwa, halafu mashine ikanyamaza kabla ya kukamua. Nikaona niiache ipumzike. Nami nikajinyoosha kidogo.

Jumanne, 11 Juni

Nilijinyoosha mno. Sare imelala humo ndani mpaka asubuhi hii, mke wangu alipotoka kwenda kazini. Nimeitoa. Madoa saba, rangi ya matofali. Moja kifuani upande wa kushoto, kubwa kama kifuniko cha chupa. Mawili mkononi. Manne kwenye pindo. Harufu, hata hivyo, nzuri.

Nimeingiza kichwa mashineni na tochi. Ukingoni mwa pipa rangi imebambuka, na chuma cha chini yake kimeliwa na kutu. Nguo mbichi ililala imeegemea pale pale. Kwa hiyo kosa si langu. Ni la ukingo.

Sare iko ndani ya ndoo, ndoo iko nyuma ya mlango wa stoo. Jioni mke wangu akaniuliza mbona nimekaa kimya. Nikasema nawaza. Akasema basi Mungu atusaidie.

Jumatano, 12 Juni

Nimevuka barabara kumpeleleza dobi. Nikamweleza kwamba rafiki yangu ana shati lenye doa la kutu, na kwamba huyo rafiki ni mtu makini sana. Dobi alikuwa anapiga pasi. Hakuinua uso.

"Mzee, mwambie rafiki yako asiguse dawa ya kung'arishia," akasema. "Kutu ikikutana na dawa ile inazidi kushika. Akamue ndimu, atie chumvi, aanike juani, asuuze. Arudie hata mara tatu. Na hiyo mashine yake aitazame ndani."

Mashine sikuwa nimeitaja.

Nimetafakari njia nzima kurudi, yaani hatua kumi na mbili. Kwa nini mshindani anipe siri ya kazi yake bure? Mtu wa biashara hafanyi hivyo. Kwa hiyo ananipoteza. Akisema ndimu, jibu ni dawa. Nikanunua chupa mbili.

Nimeiloweka kwa muda wa saa mbili. Kitambaa kimekuwa cheupe cha kutisha. Madoa yamekuwa rangi ya chungwa. Awali yalionekana kama bahati mbaya. Sasa yanaonekana kama yamekusudiwa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekuwa karani miaka ishirini na sita. Ofisini hatukuwa tukifuta kosa. Tulilipaka ule wino mweupe wa kusahihishia, tukasubiri ukauke, tukaandika juu yake. Chupa moja bado ninayo mezani. Nikayapaka madoa yote saba, kwa mkono usiotetemeka. Kwa mbali, kama mtu amesimama getini, huoni kitu. Nikapiga pasi ili mambo yakamilike. Wino ukapasuka kama ukuta wa zamani, nusu ukahamia kwenye pasi.

Hapo ndipo mke wangu aliposimama mlangoni. Wenzake walikuwa wamemruhusu mapema aje kujaribu sare.

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu. Akavuta stuli, akaketi, akaiweka sare mapajani na kuipapasa doa moja baada ya jingine, kama anavyopapasa tumbo la mgonjwa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika ndoa yetu. Kwamba kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kumaliza zamu na sare safi. Damu, dawa, maziwa ya watoto, matapishi. Hii aliishona ili walau siku moja aingie wodini mweupe na atoke mweupe.

Nikasema ni ukingo wa pipa.

"Najua ni ukingo," akasema. "Mimi nauliza kuhusu wewe."

Akavaa viatu, akavuka barabara na sare mkononi. Nilimtazama kupitia pazia. Dobi alizima redio alipomwona.

Ijumaa, 14 Juni

Dobi ameniita. Nilikwenda nikiwa tayari kwa kejeli. Sikupewa kejeli, nilipewa kikapu cha ndimu na kisu.

Alibandua wino kwa ukucha, polepole. Akasuuza sare mara tano, akinieleza kwamba dawa na ndimu havikutanishwi katika beseni moja, vinatoa hewa ya kukata pumzi. Jana, kabla sijafikiria wino, nusura nivikutanishe. Sikumwambia. Nimekamua ndimu arobaini. Kidole kina mchubuko, kila tone lilinifikia moyoni. Tumepaka, tumenyunyiza chumvi, tumeanika, tumesuuza, tumeanza tena. Jua lote la leo limeishia hapo.

Mchana nikamuuliza kwa nini Jumatano alinipa siri yake bure. Akasema mapacha wake walikuja kabla ya siku zao, na mke wangu ndiye aliyewapokea. Alikaa nao hadi zamu ya mwenzake ikaisha pia. Sasa wako darasa la sita. Akasema kumtolea doa mama huyo si kazi, ni heshima.

Mimi nikadhani ananipoteza. Niliona haya. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia.

Kufikia saa kumi na moja madoa sita yalikuwa yametoka. La kifuani limebaki, limefifia. Dobi akasema zaidi ya hapo kitambaa kitatoboka.

Jumamosi, 15 Juni

Mke wangu alibandika saa yake ya kazi, ile ya pini, juu ya doa, upande wa kushoto, mahali inapokaa siku zote. Hakuna aliyejua. Dobi alikaa safu ya pili, koti lake limenyooka kuliko langu. Mimi safu ya tano, nyuma ya mwanamke mwenye kilemba.

Mke wangu alikabidhi funguo. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Akaibandua saa, akambandikia muuguzi kijana anayeshika nafasi yake. Binti yule akaanza kulia. Na doa likabaki wazi mbele ya watu wote. Nikainamisha kichwa.

Daktari mkuu akalitazama. Mke wangu akaliona jicho lake, akaweka kidole juu ya doa.

"Mengine yote niliyapata hapa," akasema. "Hili nimelipata nyumbani. Mume wangu alitaka kunisaidia. Kuanzia leo ndiko ninakohamia, kwa hiyo mniombee."

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi muda mrefu. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa na machozi. Nikasimama, nikainama kidogo kulia na kushoto. Kutajwa hadharani mbele ya daktari mkuu si jambo dogo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetulia, nimeyachambua yaliyotokea. Tatizo lilikuwa ukingo tu, na ukingo hutibika. Jana mchana niliupaka rangi ya geti iliyobaki stoo, ya kijani, tabaka mbili. Kopo linasema iachwe siku tatu. Watengenezaji huzidisha ili wasilaumiwe.

Mke wangu amekwenda kumtembelea dada yake, atarudi jioni. Nimeona wiki yake ya kwanza ya mapumziko ianze vizuri. Nimeyashusha mapazia meupe ya sebuleni, yote manne, nimeyaweka mashineni bila kumwambia mtu.

Inazunguka vizuri. Maji yanayotoka yana ukijani kidogo. Nadhani ni vumbi la madirishani.